Tusichanganye Umbali, Muda na Saa

Mwulize mwanafunzi wa sekondari umbali wa kutoka Nairobi hadi New York, naye aghalabu atakujibu: "Ni mwendo wa saa kumi na tano kwa ndege." Katika mazungumzo ya kawaida jibu hilo halina ila, kwani tangu jadi Mswahili amepima safari kwa siku na saa za mwendo. Darasani, hata hivyo, halitoshi. Limechanganya mambo matatu: umbali, muda na saa za mahali.

Umbali haubadiliki. Kati ya miji hiyo miwili pana takriban kilomita 11,800 za njia fupi kabisa. Njia hiyo hupatikana kwa kunyoosha uzi juu ya tufe la dunia. Rula juu ya ramani ya ukutani hupotosha, kwa kuwa karatasi ni bapa na dunia ni mviringo.

Muda hubadilika. Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja baina ya miji hiyo tarehe 28 Oktoba 2018. Kwenda huchukua takriban saa 15. Kurudi hupungua kwa kama saa moja. Ndege ni ile ile, ila juu angani huvuma pepo kali kutoka magharibi kuelekea mashariki, nazo humsukuma arudiye na kumzuia aendaye. Mnamo Februari 2020, pepo hizo ziliifikisha ndege moja ya British Airways London kutoka New York kwa muda usiotimia saa 5.

Saa za mahali nazo zina hesabu yake. Dunia huzunguka digrii 15 kwa kila saa, na majira ya baridi New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Abiria akiondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, atatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya huko. Akiondoka New York saa sita na nusu mchana, atafika kwetu kesho yake saa nne na nusu asubuhi. Anayetazama tikiti tu atadhani kwenda ni saa 7 na kurudi ni saa 22!

Madhara yake si ya mtihani pekee. Kijana aliyepata nafasi ya masomo ng'ambo akisoma kwamba ndege yake huondoka Jumanne, 00:30, huenda akafika uwanjani Jumanne jioni, na ndege imekwisha kuondoka alfajiri haijaingia. Ilhali Kiswahili kina kauli isiyoacha shaka: usiku wa kuamkia Jumanne, saa sita na nusu. Lugha inayodaiwa kutofaa sayansi hapa imeishinda tikiti kwa ubayana.

Basi walimu wa Jiografia na wa Kiswahili washirikiane. "Umbali" utajwe kwa kilomita, "muda" kwa saa za safari, na "saa za mahali" zitajwe pamoja na jina la mji. Mwanafunzi asiyetenganisha maneno hayo hawezi kutenganisha dhana zake, wala hatajua afike uwanjani lini.