Kahawa ya Machame na kipimo cha homoni

Mnunuzi wa Ulaya haulizi tena ubora wa kikombe pekee. Anauliza pia dawa iliyonyunyiziwa mibuni. Tangu Novemba 2018 Umoja wa Ulaya una vigezo vya kutambua viuatilifu vinavyovuruga homoni, na kinachobainika hivyo kwa kawaida hakipewi idhini huko.

Maabara hutumia viluwiluwi vya chura wa kusini mwa Afrika. Huwekwa siku 21 katika maji yenye kemikali, kisha ukuaji wao na tezi ya koo huchunguzwa. Kupima mabaki kwenye buni hakuonyeshi madhara hayo.

Maji ya Machame huteremka kwa mito Kikafu na Weruweru hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, penye wavuvi. Endosulfani, iliyowahi kunyunyiziwa kahawa, iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm mwaka 2011, baada ya miaka mingi sokoni.

Mkulima mdogo hawezi kulipia maabara. Gharama hiyo ni ya kampuni zinazouza dawa, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu haina budi kudai matokeo hayo kabla ya usajili. Mkulima naye apande miche ya TaCRI Lyamungo inayostahimili chulebuni na kutu ya majani: dawa ya ukungu isiyonunuliwa haihitaji kupimwa.