Ganzi baada ya kemo: Mazoezi ya nyumbani yanasaidia kweli?

Dripu ya mwisho imeisha, lakini kufunga kifungo cha shati imekuwa kazi. Vidole vina ganzi, nyayo zinawaka moto usiku, na kila hatua ni kama kukanyaga changarawe. Kwa wengi waliotibiwa saratani, hili ni tatizo linaloanza wakati ndugu na majirani wanadhani mgonjwa ameshapona.

Chanzo ni dawa zenyewe. Baadhi ya dawa za kemo huumiza mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu inayofika kwenye vidole vya mikono na miguu. Zinazotajwa sana ni paclitaxel, oxaliplatin, cisplatin na vincristine. Paclitaxel hutumika kutibu saratani ya matiti, na cisplatin ile ya shingo ya kizazi. Yaani saratani mbili zinazowapata zaidi wanawake wa Afrika Mashariki.

Siyo tatizo la wachache. Uchambuzi wa tafiti 31, uliochapishwa 2014, ulionyesha kuwa asilimia 68 ya wagonjwa walikuwa na dalili hizi ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kemo. Baada ya miezi sita au zaidi, asilimia 30 bado walikuwa nazo.

Dawa ni moja tu

Mwaka 2020, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilipitia upya ushahidi uliopo. Dawa pekee kilichoipendekeza kwa maumivu haya ni duloxetine, nayo faida yake ni ya kiasi. Kuhusu mazoezi, kilisema dalili ni nzuri lakini ushahidi haujatosha.

Tangu hapo, mambo yamesogea.

Tafiti zinasema nini?

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, uliotolewa 2018, ulihusisha wagonjwa 355 waliokuwa kwenye kemo. Kundi moja lilipewa mazoezi ya nyumbani kwa wiki sita: kutembea na kuvuta mipira ya mazoezi. Hisia za joto na baridi mikononi na miguuni zilipungua. Ganzi nayo ilielekea kupungua, ila tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka.

Matokeo yaliyoshtua zaidi yalitoka Ujerumani mwaka 2024. Wagonjwa 158 waligawanywa makundi matatu. Waliofanya mazoezi ya kusimama bila kuyumba, mara mbili kwa wiki, dakika 15 hadi 30, walipata tatizo hili kwa asilimia 30. Wale wa kundi lililopata matibabu ya kawaida tu walifika asilimia 70.

Lakini hapa kuna jambo la kuangalia. Wagonjwa wa Ujerumani walisimamiwa na wataalamu, na walianza wakati kemo inaendelea. Kwa hiyo ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa kuzuia, siyo wa kutibu maumivu yaliyokwishakaa.

Na kuzuia kuna uzito wake. Ganzi ikizidi, daktari hulazimika kupunguza dozi au kusimamisha dawa, na hapo tiba ya saratani yenyewe inaguswa.

Nani atamfundisha mgonjwa?

Tanzania, matibabu ya saratani yako kwenye hospitali kubwa chache, kama Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Mgonjwa wa Kigoma au Mtwara hawezi kupanda basi mara mbili kwa wiki kufuata mazoezi. Nauli peke yake inatosha kumkatisha tamaa.

Ndiyo maana mazoezi ya nyumbani yana maana zaidi huku kuliko Ulaya. Hayahitaji mashine: kutembea, kuinuka kwenye kiti na kukaa tena, kunyanyua visigino huku umeshika ukuta, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, kuokota maharage moja moja kwa vidole.

Kinachokosekana siyo kifaa, ni maelekezo. Dakika 20 na mtaalamu wa fiziotherapia, siku ileile ya kemo, zinaweza kumpa mgonjwa cha kufanya hadi atakaporudi.

Tahadhari kabla ya kuanza

Mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa, homa, au damu iliyopungua azungumze kwanza na daktari wake. Asiyehisi nyayo avae viatu vilivyofunga vizuri, akague miguu kila siku, na apime maji ya kuoga kwa kiwiko, siyo kwa vidole.

Miguu ikiishiwa nguvu ghafla, au mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, hiyo siyo ganzi ya kawaida. Ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, na hakuna anayeahidi kwamba ganzi itaisha yote. Ila mgonjwa anayeanza kemo wiki hii ana swali moja la kumuuliza daktari mapema, kabla vidole havijafa ganzi: nianze mazoezi gani leo?