Kabla hujatupa ndoano Korogwe

Jamani, kuna vijana wenzangu wa Dar ambao ukiwatajia kuvua kwa ndoano wanacheka. Kwao hiyo ni kazi ya watoto watoro wa shule, au basi ni starehe ya Wazungu wenye mabuti marefu, wanaorusha mtoni nzi wa bandia waliotengenezwa kwa manyoya. Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipokaa siku tatu Korogwe, kando ya Mto Pangani. Nilikuwa na vifaa vya dukani. Siku mbili za mwanzo nilirudi mikono mitupu, huku mtoto wa darasa la tano mwenye ufito na mshipi akiondoka na mtungo wa perege.

Mzee mmoja akanionea huruma. "Mwanangu, wewe unavua kivuli chako," akaniambia. Kweli, nilikuwa nimelipa jua mgongo na kivuli kimelala majini. Samaki wa mtoni mara nyingi huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja mkondo umletee chakula. Mwendee kutoka nyuma, taratibu, bila kukanyaga kwa kishindo. Tupa pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia: nyuma ya jiwe, kwenye kona, chini ya mti ulioinamia mto. Nenda alfajiri au jioni. Saa saba mchana utachoma ngozi bure.

Kosa langu la pili lilikuwa ndoano. Nilibeba ya kuvulia changu baharini, na perege ana mdomo mdogo! Tumia ndoano ndogo, mshipi mwembamba, chubwi jepesi na kidonge cha ugali. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua, weka kumbikumbi. Hata wale wenye nzi wa manyoya kanuni yao ni hiyohiyo: mpe samaki kile anachokula siku hiyo.

Ukivuka kwenda Handeni, kwenye malambo yenye maji ya tope, mambo yanageuka. Kule utafute kambare, ambaye anaweza kuvuta hewa ya juu na hutafuta chakula kwa harufu na sharubu. Chambo kiwe mnyoo au utumbo wa kuku, kilale chini, giza likianza kuingia. Umtoe ndoano kwa uangalifu, miiba ya mapezi yake inachoma vibaya. Na pale Pangani usichuchumae ukingoni kabisa. Mamba wapo.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Perege jike wa mto huu hubeba mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga hukimbilia humohumo wakiona hatari. Kipindi hicho hali karibu chochote, kwa hiyo ndoano mara nyingi inampita. Kokoro la chandarua halimpiti. Utupa, ule mmea unaopondwa na kumwagwa majini, haumpiti mama wala watoto. Ndiyo maana nasema mvuvi wa ndoano si wa kuchekwa. Uvuvi wa sumu umekatazwa na sheria, lakini bado tunauita ujanja.

Na ujanja huo unafanyika kwenye mto gani? Mto ambao mradi wa HTM umekuwa ukivuta maji yake, pale Korogwe, kwa ajili ya mabomba ya Handeni. Halafu kuna jambo ambalo sikulijua mpaka niliporudi nyumbani kusoma: mwaka 1955 mtaalamu wa samaki, Rosemary Lowe, aliandika kwa mara ya kwanza juu ya aina ya perege wa bonde la Pangani akaipa jina la korogwe. Leo wataalamu wanaiita Oreochromis korogwe. Mji wetu wa kupita na basi una samaki wake duniani! Tayari ana tatizo la perege wa kutoka nje walioingizwa kwenye maji yetu, ambao wanaweza kuzaana na wa asili mpaka uzao ukachanganyika. Tumwongezee na utupa?

Sisi wa mjini tunahusika, kwa sababu ndio wanunuzi. Siku hizi nikikuta sokoni fungu la perege wa urefu wa kidole, napita hata kama bei ni ya kutupa. Muuzaji akiniita, narudi namweleza kwa nini sinunui.