Bei ya Santuri si Thamani Yake

Santuri ya filamu isiyotolewa tena huwa kama lulu: mwenye nayo hutaja bei aitakayo. Simlaumu mchuuzi, riziki ni riziki. Nauliza tu, Kibera itabaki na nini? "Kibera Kid" ya 2006 na "Togetherness Supreme" ya 2010 zilipigwa humo humo mtaani, vijana wa mtaani wakiigiza. Mwaka 2009 wakazi wa Soweto East walianza kuhamishiwa Lang'ata kupisha ujenzi wa maghorofa. Vichochoro vilivyobomolewa havirudi ila kwa picha. Basi naona wenye filamu hizi waweke nakala katika maktaba ya taifa pale Kibera, mtoto azione bure. Mali bila daftari huisha bila habari.