MAONI YETU: MASHINE NI YA NANI?



Katika mkutano wa halmashauri mwezi uliopita kulizuka neno moja lililotukalisha mpaka taa zikawashwa. Mweka hazina alisimama na karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji mmoja wa kompyuta hapa mjini. Karatasi ilisema ya kwamba kompyuta 8 kati ya 11 za ofisi yetu kuu na matawi zimekufa, na ya kwamba yafaa chama kinunue mpya mara moja, kila moja kwa Shs. 65,000/-. Jumla ni Shs. 520,000/-. Fedha hizo ni michango yenu, inayokatwa katika mishahara yenu kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo twaona ni haki yenu kuijua habari yote kabla ya mkono wa mtu yeyote kuinuliwa kupiga kura.

Asubuhi ya pili tulikwenda kuzitazama hizo maiti. Tulizikuta kazini. Juu ya moja karani alikuwa akiandika barua ya madai ya ndugu watatu walioachishwa bila notisi. Juu ya nyingine daftari la wanachama lilikuwa limefunguliwa, na juu ya ya tatu, iliyonunuliwa mwaka 2016, ndiko gazeti hili mnalolisoma lilikotayarishwa. Hakuna waya uliokatika wala kioo kilichopasuka. Basi zimekufaje?

Kompyuta ni vitu viwili katika sanduku moja. Kuna mashine yenyewe, ambayo ni chuma na nyaya na vile vipande vidogo vinavyofanya hesabu. Tena kuna programu, ambazo ni maagizo yaliyoandikwa na watu. Kati ya programu zote iko moja inayoiamsha mashine asubuhi na kuzigawia nyingine kazi. Hiyo huitwa mfumo wa uendeshaji, na mwanachama aliyewahi kufanya kazi shambani ataielewa upesi tukisema ni nyapara. Katika ofisi zetu nyapara huyo ni Windows 10 ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, iliyotolewa mwezi wa Julai 2015. Kampuni ilitangaza ya kwamba msaada wake wa kawaida utakoma tarehe 14 Oktoba 2025, na baada ya siku hiyo mwenye mashine hatapewa tena viraka vya kuziba matundu ya usalama, ila awe katika mpango wa nyongeza.

Mtu atasema, basi si mchukue Windows 11? Hapo ndipo penye ugomvi. Hiyo Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, haikubali kila mashine. Yataka chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na yataka prosesa, yaani ubongo wa mashine, iwe katika orodha iliyoandikwa na kampuni. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo huanza, isipokuwa chache, na kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Mtu aliyenunua kompyuta mpya ya kizazi cha saba mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa na mashine isiyofikisha miaka mitano siku aliyoambiwa haifai. Nguvu za kuandika barua na kupiga hesabu inazo. Jina lake tu halimo katika orodha. Kampuni ya utafiti wa biashara iitwayo Canalys ilikisia mwaka 2023 ya kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kugeuka takataka kwa njia hiyo.

Sisi hatupendi kusema uongo juu ya mtu, hata akiwa tajiri. Viraka vya usalama si hila ya biashara. Mwezi wa Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia katika kompyuta za nchi nyingi, na huko Uingereza hospitali za serikali zikaahirisha matibabu ya maelfu ya watu. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka mwezi wa Machi, na wengi walioumia ni wale ambao hawakukitia. Miaka kumi ya viraka si kidogo pia, maana simu nyingi tunazouziwa hazipati hata nusu ya hiyo. Na kutengeneza viraka ni kazi ya watu wenye mishahara. Kwa hiyo mwanachama asije akasema mhariri ametuambia tuendelee na Windows 10 tupu bila kinga. Katika mashine zile mna majina yenu, namba za vitambulisho vyenu, na mashauri ambayo tajiri angependa sana kuyasoma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatudai tuyatunze, na hata bila ya sheria ingekuwa aibu kuyaacha wazi.

Lakini kukubali ya kwamba kiraka kina gharama si kukubali ya kwamba mashine nzima itupwe. Kampuni yenyewe ilionyesha ya kuwa viraka vyaweza kuendelea, maana iliviuza. Kwa makampuni na ofisi iliweka bei ya dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei hiyo kurudufika kila mwaka mpaka mwaka wa tatu. Fanyeni hesabu: 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427 kwa mashine moja. Kwa watu wa nyumbani ilitangaza nyongeza mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu alipe dola 30, ama atoe pointi alizopewa na kampuni, ama akubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe katika hazina ya kampuni.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililotufanya tuandike. Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ililegeza masharti kwa watu wa nyumbani katika nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya. Hao wakaambiwa watapata mwaka huo bila malipo na bila sharti lile la kuhifadhi mipangilio. Je, mashine zao zilikuwa tofauti na zetu? La. Walikuwa na vyama vya wanunuzi vilivyoandika barua na kutaja sheria, na sheria zao zina meno. Mtu wa Kisumu au Mombasa mwenye kompyuta ile ile, yenye programu ile ile, alibaki na masharti ya kwanza. Ndugu, sisi tuliokaa mezani na waajiri twaujua mchezo huu. Bei hufuata nguvu ya yule aliyeketi upande wa pili.

Wazee wetu wengine wameuliza, ilikuwaje programu ikawa na bwana wake mbali na mwenye mashine? Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kampuni ya IBM ilikuwa ikitoa mashine zake kubwa pamoja na programu na msaada wa mafundi katika bei moja, mpaka mwaka 1969 ilipotangaza kwamba vitatozwa mbali mbali. Mwaka 1976 kijana mmoja wa Microsoft, Bill Gates, aliandika barua ya wazi kuwashutumu watu waliokuwa wakinakili programu yake bila kulipa. Alikuwa na haki ya kudai ujira wake, hilo hatulikatai. Kisha IBM ikataka nyapara wa kompyuta yake ndogo ya mwaka 1981. Microsoft ilinunua mfumo kutoka kampuni ndogo ya Seattle, ikautengeneza, ikawapa IBM ruhusa ya kuutumia, lakini haki ya kuwauzia na watengenezaji wengine ikabaki nayo. Hapo ndipo utajiri ulipozaliwa. IBM iliuza masanduku na wengine wakaiga masanduku yake, lakini maagizo yaliyomo ndani yalikuwa ya mtu mmoja. Ni kama mtu akuuzie ng'ombe naye akabaki ameshika kamba. Utamlisha na kumkama, lakini siku akitaka asimame, atasimama.

Na siku hizi kamba imefupishwa. Programu nyingi haziuzwi tena, hukodishwa kwa mwezi. Kampuni ya Adobe, ambayo programu zake hutumiwa na wapiga chapa wengi, ilitangaza mwaka 2013 ya kwamba matoleo yake mapya yatatolewa kwa njia hiyo. Mwezi usipolipa, chombo chako cha kazi kinafungwa. Twafikiri seremala angepiga kelele kama randa yake ingemfanyia hivyo.

Iko njia nyingine, nayo wanachama wa vyama vya ushirika hawataiona ngeni. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alianza mradi wa GNU, akitaka pawe na mfumo ambao kila mtu aweza kuusoma, kuutengeneza na kumgawia jirani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaandika kiini kilichoitwa Linux, na baadaye akakitoa kwa leseni ya mradi huo. Leseni yasema hivi kwa ufupi: chukua, badilisha, gawa, lakini ukigawa uliyoyabadilisha, uwape wengine haki ile ile uliyopewa wewe. Watu wengi wakaongeza kazi yao, wengine kwa kujitolea na wengine kwa mishahara ya makampuni makubwa. Leo simu za Android zina kiini hicho ndani yake, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kubwa kabisa katika orodha ya dunia zinakitumia. Liko na toleo liitwalo Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitia programu ya ofisi katika Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumpigia magoti mtu yeyote, kwa sababu leseni iliwaruhusu.

Matoleo mepesi ya Linux hukubali mashine kama zetu na kuzipa viraka bila malipo. Tulimwomba fundi mmoja kijana, mtoto wa mwanachama, atujaribie juu ya mashine moja ya tawi. Alimaliza mchana mmoja, na chai katikati. Mashine inaandika barua, inafungua barua pepe, inapiga chapa. Ile programu ya mahesabu ya mweka hazina ilikataa, kwa sababu imeandikwa kwa Windows peke yake, na skana ya zamani nayo ikanuna.

Hatusemi basi ya kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Mji wa Munich huko Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukahamisha kompyuta za makarani kwa maelfu, na mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows, baada ya malalamiko na mabishano ya siasa. Jimbo jingine la nchi hiyo hiyo, Schleswig-Holstein, liliamua mwaka 2024 kuanza safari hiyo kwa kompyuta 30,000. Sisi twaona kosa kubwa ni kumletea karani nyapara mpya siku ya Jumatatu bila kumfundisha, halafu kumlaumu Jumanne. Waajiri wetu hufanya hivyo kila mara, na chama kisije kikawafanyia makarani wake yale ambayo hukemea kwingine.

Kwa hiyo rai yetu kwa halmashauri ni hii. Mashine mbili tu zinunuliwe, ya mweka hazina na ile ya daftari la wanachama, ndiyo Shs. 130,000/-. Mashine sita zitiwe Linux, na kila zitumike daftari na barua zote zinakiliwe kwanza mahali pa salama. Makarani wafundishwe katika saa za kazi, kwa malipo yao ya kawaida. Fundi alipwe. Hatutaki kazi ya bure kwa sababu tu programu ni ya bure.

Na zile zitakazokufa kweli zisipelekwe jaa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyojulikana kuwa ilikusanywa na kutengenezwa upya kwa utaratibu. Wanaozichoma nyaya ili wapate shaba, na kuvuta ule moshi, ni vijana wetu, wala si watu walioandika orodha ya prosesa.

Neno moja juu ya wale wanaoziandika programu, kwa sababu wanachama wengine wameanza kuwatukana. Nao ni wafanyakazi. Mwezi wa Julai 2025 Microsoft ilitangaza kupunguza watu kama 9,000, baada ya wengine kama 6,000 mwezi wa Mei. Na tusiinyime kampuni sifa inayostahili. Mwaka 2022 ilikubaliana na chama cha wafanyakazi wa mawasiliano cha Marekani, CWA, ya kwamba haitawazuia watu wake kuingia chamani, na wapimaji wa michezo ya kompyuta wa ZeniMax waliojiunga wakapata mkataba mwaka 2025. Waajiri fulani wa hapa kwetu wangeweza kujifunza kwa hao.

Makatibu wa matawi waandike ni mashine gani wanazo, mwaka zilionunuliwa, na programu ambazo kazi haiwezi kwenda bila yake, na karatasi hizo zifike ofisi kuu wiki moja kabla ya mkutano wa halmashauri. Mwanachama mwenye mashine ya nyumbani ya namna hiyo aweza kuja nayo ofisi ya tawi Jumamosi baada ya saa nane. Aje na nakala ya vitu vyake.

MHARIRI