Nambari Tatu Zilizofukuzana

Msafiri asiyejua mji huuliza njia kila afikapo njiapanda. Ujumbe upitao baina ya kompyuta zilizo mbalimbali huelekezwa vivyo hivyo, wala hakuna mkuu aketiye mahali pamoja akiupangia njia. Kila kituo huwaarifu majirani zake hali ya nyaya zake. Majirani nao hupasha wengine, hata habari ikaenea kote. Kituo kimoja kikiharibika, vilivyosalia hujitafutia njia nyingine.

Utaratibu huo ulitumika katika ARPANET, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 1969. Tarehe 27 Oktoba 1980 mtandao huo ulikwama kwa saa kadhaa, na aliyeukwamisha hakuwa adui.

Kila taarifa ya kituo ilipewa nambari, kuanzia 0 hadi 63, kisha hesabu hurudi 0, kama vile saa moja ifuatavyo saa kumi na mbili. Kituo kilipopata taarifa mbili kilihesabu hatua: iliyo mbele kwa hatua zisizozidi 32 ndiyo mpya. Kanuni nyepesi, na kwa siku za kawaida yatosha.

Siku hiyo mtambo mmoja mbovu ulipoteza tarakimu. Kompyuta huandika hesabu zake kwa 1 na 0 tu. 1 moja ikipotea, 44 hugeuka 40. Ikipotea nyingine, 40 hugeuka 8. Zikapatikana taarifa tatu za kituo kimoja, nambari 50. Na tazama hesabu: toka 8 hadi 40 ni hatua 32, toka 40 hadi 44 ni 4, toka 44, kupitia 0, hadi 8 ni 28. Kila moja ilikuwa mpya kuliko mwenzake! Vituo vikapokea, vikafuta, vikapeleka kwa jirani, bila kukoma. Hakuna kilichokosea, vyote vilitii kanuni. Hata kituo kilichozimwa na kuwashwa upya kililetewa uvumi uleule na jirani yake mwaminifu.

Mafundi walilazimika kuviamuru vituo vipuuze kila neno la nambari 50.

Kanuni ya OSPF, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na ingali ikitumika, haizungushi nambari zake. Zaidi ya hayo, kila taarifa hubeba umri wake. Ikitimiza saa nzima bila kufanywa upya, hutupwa.