Kabla ya kununua saa ya mwanga, hesabu saa za usingizi

Mzazi mwenzangu, unamwamshaje mwanao saa 11 alfajiri? Mimi nilikuwa nawasha taa kubwa na kumvuta shuka. Basi la shule linapita kwetu saa 11:30, na mwanangu wa darasa la pili alikuwa akivalishwa soksi huku amefumba macho.

Mwezi uliopita shangazi yake alimletea saa ya mezani yenye taa. Nusu saa kabla ya muda uliopanga, taa huanza na wekundu hafifu, ikaja njano, hadi chumba kinang'aa kama kumekucha. Mwanga ukifika machoni, ubongo hupunguza melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku. Saa kama hizi zinawafaa watu wa nchi kama Sweden, ambako mwezi Desemba mjini Stockholm jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi. Hapa Dar es Salaam jua halichelewi hivyo. Ni watoto wetu wanaolitangulia.

Je, ni rahisi kuitumia? Alfajiri ya kwanza haikuwaka. Ikawaka saa 11 jioni! Nilikosea alama ndogo ya asubuhi na jioni. Ni heri kuiweka kwenye mfumo wa saa 24, ambapo 05:00 ndiyo saa 11 alfajiri. Umeme ulipokatika usiku, ikasahau kila kitu, kwa hiyo ukienda dukani uliza kama ina betri ya akiba. Namba zake nazo zilimulika usiku kucha mpaka nilipozipunguza mwangaza. Iweke kama nusu mita kutoka usoni, nje ya chandarua.

Baada ya hapo ilifanya kazi. Siku ya nne mwanangu alifumbua macho mwenyewe kabla ya kengele. Nikafurahi. Wiki hiyohiyo mwalimu akaandika kwenye daftari lake: "Anasinzia darasani."

Ndipo nikapiga hesabu ambayo mimi, mwandishi wa habari za afya, nilipaswa kuipiga zamani. Alikuwa analala saa 4 usiku, akinisubiri nitoke kazini. Saa 4 usiku hadi 11 alfajiri ni saa 7 tu. Wataalamu wa usingizi nchini Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Taa ilikuwa inamwamsha vizuri mtoto ambaye hajamaliza kulala.

Kitufe kilichotusaidia zaidi ni cha machweo, ambacho hufifisha taa taratibu kwa nusu saa hadi izime. Sasa ikifika saa 1:30 usiku televisheni inazimwa, taa inaanza kufifia, na saa 2 mtoto amelala. Anayekibonyeza ni dada wa nyumbani, maana siku nyingi saa hiyo mimi bado niko kwenye foleni. Usiku namkuta amelala, na inaniuma. Lakini alfajiri nampata akiwa macho, ananisimulia ndoto huku namfunga kamba za viatu.

Kama huna saa hii, usijali. Taa kubwa na televisheni vikizimwa mapema, kazi inafanyika bila senti. Leo hesabu usingizi wa mwanao kwa vidole. Ukikosa saa 9, anza na jioni yake kabla ya alfajiri.